Gramu Mia za Boga Bichi

"Pima tena," alisema Mzee Raymundi.

Muuguzi Hafsa aliinua macho kutoka kwenye daftari, akamtazama, kisha akaitazama foleni ya akina mama iliyojaza mabenchi mpaka nje ya mlango. Siku ya kliniki katika zahanati ile ya Gongoni haikuwa na nafasi ya kumpima mtoto mmoja mara mbili. Lakini mzee alikuwa amesimama mbele ya mzani, kofia mkononi, kama mtu asiye na safari nyingine siku hiyo.

"Babu, mzani ni mzima."

"Sijasema mbovu, mwanangu. Nimesema unacheza. Mtoto anarusha miguu, na wewe unasoma hapo hapo. Mimi nimepima mizigo stesheni ya Tabora miaka thelathini. Mzigo unaachwa utulie, ndipo unasomwa."

Mabenchi yakaangua kicheko. "Babu kaleta gunia," alisema mama mmoja, na mwingine akauliza kwa sauti mama wa mtoto yuko wapi hata babu ndiye atumwe kliniki. Raymundi alishaulizwa swali hilo bombani, kanisani na hata sokoni alipokuwa akichagua nepi. Hakugeuka. Aliinama mbele ya mjukuu wake Advera, aliyekuwa akining'inia ndani ya kaptula ya kupimia, akampigia mluzi mrefu wa treni inayoingia stesheni. Mtoto akaacha kurusha miguu, akasikiliza.

"Kilo saba na gramu mia tatu," alisema Hafsa. "Ile ile."

Akaweka nukta kwenye kadi. Advera alikuwa na miezi kumi na tano, na nukta yake iliangukia sehemu ya kijivu, si mbali sana na nyekundu. Nukta za miezi mitatu zilikuwa zimelala sambamba, hakuna iliyopanda. Na mwisho wa benchi alikaa Adelina, mama mzazi wa baba wa mtoto, aliyekuja kwa basi kutoka Nzega kuiona nukta hiyo kwa macho yake mwenyewe.

Walizungumza nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mkwe, nimeona," alisema Adelina. "Saba na kidogo. Wenzake watatu pale kwangu wote wako kwenye kijani."

"Alitoka kuumwa malaria."

"Alitoka kuachishwa ziwa akaachiwa mwanamume ampikie. Usinikasirikie. Wewe mwenyewe unakula kwa jirani."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu mkewe afariki, chakula chake cha jioni kilitoka kwa Zabibu, jirani aliyeuza maandazi na kupika ugali wa kutosha watu wawili zaidi. Binti yake wa pekee, Consolatha, alikuwa Kigoma akisomea ualimu, amebakiza mwaka mmoja. Baba wa mtoto, Deus, alikuwa machimboni Geita, na simu yake ilipatikana kwa bahati. Adelina alikuwa na ng'ombe wa maziwa, uwanja mpana na moyo mzuri. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa na hoja.

"Nakupa kliniki mbili," alisema. "Ya mwezi ujao na ile inayofuata. Nukta isipoingia kwenye kijani, nakuja na mbeleko, mtoto anakwenda Nzega."

"Itaingia."

"Na Consolatha utamwambia wewe."

Hapo ndipo palipomchoma. Raymundi alimjua binti yake. Siku atakayosikia mtoto kachukuliwa, ataacha chuo, atapanda basi la kwanza, na mwisho wake atakuwa akikaanga maandazi na Zabibu. Alipokuwa akimsindikiza alimwambia, "Nenda, huyu nitamweza." Hakuwa mtu wa kusema jambo kama hilo halafu asilifanye.

"Itaingia, mkwe," alirudia. "Andika tarehe."

&nbsp;

Dawa ya tatizo aliiona ukutani mwa zahanati, wakati akisubiri kadi igongwe muhuri. Lilikuwa bango lenye safu na mistari, na Raymundi alipenda sana safu na mistari. Juu kabisa iliandikwa: *Virutubisho katika gramu mia moja za chakula kibichi.* Chini yake majina ya vyakula, na mbele ya kila jina, tarakimu. Mzee alivaa miwani, akapitisha kidole. Mchicha. Muhogo. Nyanya. Alipofika kwenye boga kidole kilisimama. Kwenye safu ya vitamini A, boga la njano lilivipita vingi, tena kwa mbali.

Nyumbani alikuwa na maboga kumi na tisa.

Yalitoka kwenye kishamba chake upande wa Isikizya, yale ya ganda gumu ambayo mtu huvuna mwezi wa tano na bado yuko nayo mwezi wa kumi. Mengine yalikaa chini ya kitanda, mengine yamepangwa ukumbini kutoka dogo hadi kubwa. Mwenyewe aliyaona ni chakula cha kujazia tumbo tu, cha siku ambazo unga umeisha. Kumbe alikuwa amelalia dawa.

Akatoa daftari, akanakili tarakimu zote za mstari wa boga, pamoja na neno *bichi*, akalipigia mstari chini. Kwa miaka thelathini, hati ya mzigo ikiandika ngozi mbichi, zinasafirishwa ngozi mbichi. Hakuna mtu anayezianika njiani kwa kuona ni vizuri zaidi. Mambo ya karatasi aliyajua.

Kesho yake asubuhi Zabibu alimkuta uani, kiti kimoja kina mzani mdogo wa kupimia sukari alioazima dukani, kingine kina sahani ya boga lililokwaruzwa kwa kikwaruzo cha karoti. Advera alikuwa mapajani mwake, mdomo umefungwa kabisa.

"Shikamoo, Baba Conso. Hilo boga unampa nani?"

"Marahaba. Huyu hapa. Gramu mia, asubuhi na jioni."

"Bichi?"

"Bichi. Imeandikwa. Ukipika unapoteza."

Zabibu alishika kiuno. "Baba, huyo mtoto si mbuzi."

"Zabibu, mimi nawe nani amesoma bango?"

Advera akafungua mdomo ili alie, kijiko kikaingia, na boga likatoka vilevile lilivyoingia, likatua kwenye shati la babu. Mzee alilikusanya, akalirudisha sahanini, akaongeza lingine kufidia lililopotea, akapima tena. Ilikuwa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Wiki ya pili aligundua kwamba likichanganywa na uji mtamu linapita. Wiki ya tatu mtoto alianza kuharisha. Mzee alimpa maji yenye chumvi na sukari aliyowahi kuelekezwa zahanati, akafua nepi usiku na mchana, na hakuacha boga, kwa sababu alidhani sasa ndipo mtoto analihitaji zaidi. Consolatha alipopiga simu alimwambia, "Anaendelea." Ni jibu lisilo uongo, wala halimwambii mtu kitu.

&nbsp;

Kilo saba na gramu mia mbili.

Safari hii mabenchi hayakucheka, na kimya chao kilimuumiza kuliko kicheko. Adelina hakuwepo, lakini angepata habari kabla jua halijazama, kwa kuwa Zabibu alikuwa na namba yake na hakuwa na siri. Raymundi hakusema pima tena. Alikaa pembeni, mtoto begani, mpaka foleni ikaisha, kisha akamfuata Hafsa na daftari lake limefunguka kwenye ukurasa wa boga.

"Nimefuata bango lenu," alisema. Sauti ilimtoka na hasira. "Gramu mia, asubuhi na jioni. Sikuruka hata siku moja, hata alipoharisha. Nieleze vitamini zote hizi zimekwenda wapi."

Hafsa alisoma ukurasa. Akaona neno lililopigiwa mstari, akafunika mdomo kwa mkono. Halafu akauona uso wa mzee, na hamu ya kucheka ikamwisha.

"Babu, ulimpa boga bichi?"

"Ndivyo mlivyoandika."

"Tumeandika kipimo, hatukuandika namna ya kula. Wanaotengeneza hesabu hizi wanapima chakula kikiwa kibichi kwa sababu kila mtu anapika kwake kivyake. Huyu anatia maji mengi, yule anaunguza. Kikiwa kibichi ndiyo wanaweza kulinganisha." Alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Boga bichi linalika, sisemi ni sumu. Mtu mzima mwenye meno yake anaweza kutafuna kidogo. Lakini tumbo la mtoto huyu haliliwezi, ndiyo maana kaharisha. Na ile rangi ya njano ndiyo yenye vitamini, nayo imefungiwa humo ndani. Mpaka boga lipikwe lilainike, na pawe na mafuta kidogo, ndipo mwili unaipata vizuri. Ulipakia mzigo, babu. Haukushuka."

Raymundi alitazama sakafu.

"Na jambo lingine," alisema Hafsa, kwa upole zaidi. "Boga ni jepesi kwa nguvu. Gramu mia zile ulizokuwa unapima, kama tisini ni maji."

"Tisini?"

"Hapo hapo."

Mzee alivua miwani. Alikumbuka kila asubuhi alivyoinamia ule mzani mdogo, akiongeza nyuzi mbili, akipunguza moja, ili iwe mia kamili. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyekosea kwenye kazi anayoijua.

"Nimesafirisha maji," alisema. "Mwezi mzima nimesafirisha maji."

"Basi sasa safirisha chakula. Boga lipike, liponde, utie karanga zilizosagwa. Mlo mwingine yai. Mwingine maharage, au dagaa waliosagwa. Mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Usipime kwa gramu. Mtazame mtoto."

"Kwa mwezi mmoja nukta itapanda?"

Muuguzi hakutaka kumdanganya. "Akila, inaweza."

"Atakula," alisema Raymundi, akasimama. Kwenye hati ya kwanza alikosea, lakini bado alikuwa na maboga kumi na mawili na siku thelathini.

&nbsp;

Aliyemfundisha kupika ni Zabibu, na Zabibu hakumwonea huruma.

"Usilikate kama unachanja kuni. Mbegu usitupe, zianike, utatafuna. Maji kidogo, baba, kidogo! Unataka kuliogesha?"

Raymundi alivumilia. Alijifunza kukaanga karanga bila kuziunguza, akazitwanga mwenyewe kwenye kinu uani, na wanawake waliopita njiani walisimama kutazama. "Baba Conso, tukutafutie mume?" aliuliza mmoja. "Mtafute anayejua kutwanga," alijibu mzee, bila kuacha. Sokoni alibishana na muuza dagaa juu ya mchanga uliokuwa ndani ya fungu, akashinda. Kila boga lilipoisha lilipondwa jingine, na karanga zikaingia mpaka uji wake ukawa mzito, wa njano, wenye harufu iliyomfanya Zabibu mwenyewe aje na kijiko.

Advera alikula. Siku ya kwanza vijiko vinne, siku ya tano bakuli. Alianza kumfuata babu yake jikoni kwa magoti, akishika suruali yake na kudai. Alichobakiza, mzee alikimaliza yeye, kwa sababu alilelewa asimwage chakula, na kwa sababu, ingawa hakumwambia mtu, kilikuwa kitamu kuliko chochote alichokula tangu mkewe afariki. Akaacha kwenda kula kwa jirani. Jioni walikaa babu na mjukuu kwenye mkeka mmoja, sahani moja, wakila boga, na yeye akimpigia mluzi wa treni kila kijiko kilipokaribia kufika. Raymundi alikuwa na furaha. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamejaa, na hakuhitaji mzani kuyaona.

Adelina alifika alasiri ya siku moja kabla ya kliniki. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na mkononi alishika mbeleko iliyokunjwa vizuri, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Habari za mchana, mkwe," alisema.

"Njema. Karibu. Hiyo umeibeba bure."

"Tutaona kesho."

Akamchukua mtoto, akamrusha juu mara moja, na kwa sekunde chache uso wake ulilainika, kwa sababu aliusikia uzito mikononi. Kisha akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akafungua kiganja chake kidogo. Akafungua na cha pili. Akatazama nyayo, akatazama pua.

"Mkwe," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Huyu mtoto ana nini?"

Viganja vya Advera vilikuwa vya njano. Haikuwa uchafu wala mwanga wa jioni; Adelina aliviosha kwa sabuni mara mbili na njano ikabaki. Zabibu aliitwa, akashika kifua. Yeye alimwona kila siku, na jambo linalokuja polepole mtu aliye karibu halioni. Walimkimbilia mwenye duka la dawa la mtaani, mtu asiye na cheti lakini mwenye majibu, naye akatazama kwa mbali kupitia dirishani, akasema, "Hilo ni ini. Ini limeharibika. Wahini hospitali ya Kitete."

Adelina alianza kulia. "Umemlisha nini mtoto wa watu? Nilikuachia kwa sababu ya heshima, mkwe, kwa heshima tu! Kama ningemchukua siku ile..."

Raymundi aliogopa. Tangu siku mkewe alipolazwa hakuwa ameogopa hivyo. Akakaa kwenye ngazi ya duka. Alifikiri: mara ya kwanza nilikosea kusoma bango, na sasa nimekosea tena, na hili halina mwezi ujao. Alinyoosha mkono wake kuushika mkono wa mjukuu wake.

Hapo Zabibu akapiga ukelele. "Baba Conso! Hebu geuza!"

Alikigeuza kiganja chake, akakiweka kando ya kile kidogo. Rangi ilikuwa moja.

"Mama yangu," alisema Adelina. "Wote wawili."

&nbsp;

Zahanati ilikuwa inakaribia kufungwa. Hafsa alikwishavua koti lake jeupe, akalivaa tena alipowaona: mwanamke analia, mwingine anaeleza, na mzee amembeba mtoto mzima anayecheka, anayevuta sikio la babu yake.

Alimlaza mtoto mezani karibu na dirisha, akashusha kope ya chini ya jicho la kulia, akatazama kwa makini. Akatazama la kushoto. Akabonyeza tumbo.

"Mkojo wake una rangi gani?"

"Wa kawaida," alisema Raymundi kwa sauti ndogo. "Naosha nepi mimi. Na choo ni cha kawaida."

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Njooni wote mtazame hapa." Adelina akasogea, machozi usoni. "Mnaona weupe wa jicho? Ni mweupe. Ini likiumwa hadi ngozi ikawa njano, jicho nalo huwa njano, na mkojo hukolea. Huyu hana ini bovu. Huyu kala boga."

"Boga?"

"Ile njano ya boga ikiliwa nyingi, tena na karanga, inaingia mwilini sawasawa. Ikizidi, inajitokeza viganjani. Haina madhara, ikipungua boga inaondoka." Akamgeukia mzee, akamshika mkono, akakifungua kiganja. "Na wewe je? Wewe nani alikulisha?"

Raymundi alikohoa. "Mimi namalizia anachobakiza."

"Anabakiza mara ngapi?"

"Mara tano kwa siku."

Hafsa alicheka mpaka akashika meza. Zabibu akacheka, na mwishowe hata Adelina akacheka, huku bado anajifuta macho kwa pindo la kitenge. Raymundi alikuwa anatazama mkono wake. Kwa mwezi mzima wa kwanza hakuna hata chembe iliyofika; sasa mzigo ulikuwa umefika mpaka umemwagika nje ya ghala.

"Kwa kuwa mko hapa," alisema Hafsa, "tumpime, kesho msije kupanga foleni."

Advera akavalishwa kaptula, akaning'inizwa. Hafsa akasoma. "Kilo nane kamili."

"Pima tena," alisema Adelina.

Muuguzi alimtazama, kisha akamtazama Raymundi. Mzee hakutabasamu, hakuna aliyelijua ombi hilo kuliko yeye. Aliinama akapiga mluzi wa treni, mrefu, mpaka mtoto akatulia na mshale ukatulia naye. Adelina alisogeza uso wake karibu kabisa na mzani, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza.

"Nane," alisema.

Hafsa akachukua kadi, akafuata mstari wa miezi kumi na saba kwenda juu, akaweka nukta. Iliingia kwenye kijani, kwa chini, lakini ndani. Adelina aliishika kadi kwa muda mrefu. Kisha akairudisha, na aliirudisha kwa Raymundi, kwa mikono miwili.

"Mpigie mama yake," alisema.

"Jioni. Saa hizi yuko darasani."

Asubuhi yake Raymundi alimsindikiza mgeni wake stendi. Adelina hakukubali kuondoka mikono mitupu. Alisema wajukuu wake kule Nzega wana kijani kwenye kadi lakini hakuna aliyewahi kuwa na viganja vya dhahabu, na kwamba anataka kujua hizo karanga zinatiwa kiasi gani. Mzee alikuwa amemchagulia boga kubwa kuliko yote yaliyobaki. Halikuingia kwenye mfuko. Basi lilikuwa linapiga honi, kondakta anaita, na Adelina, bila kufikiri mara mbili, akakunjua ile mbeleko yake ya pasi, akageuka na kuinama, na Raymundi akamwekea boga mgongoni, akalifunga vizuri, chini na juu.

Adelina alijinyoosha, akayumba kidogo.

"Mkwe, zito hili!"

"Panda basi, mkwe," alisema Raymundi, na Advera begani mwake alikuwa anapunga mkono wa njano. "Karibu lote ni maji."